Hesabu ya Bao Moja

Mshabiki ambaye timu yake imefungwa mabao matano hana la kuuliza. Huinuka alipoketi, akajipangusa vumbi, akarejea kwake, na usiku huo hulala kama alivyolala jana yake. Anayekosa usingizi ni yule ambaye timu yake imefungwa bao moja, hasa likiwa limeingia katika zile dakika ambazo watangazaji wa redio wamezipa jina la lala salama. Huyo hulala ubavu huu akageukia ule, akiurudisha mchezo nyuma hatua kwa hatua: lau beki asingaliteleza, lau kipa angalibaki mstarini, lau mwamuzi angaliitazama saa yake. Asubuhi hutoka mapema kuwatafuta wenziwe, kwani mzigo wa bao moja haubebwi na mtu mmoja.

Uko ukanda mmoja wa Tanzania ambako mazungumzo ya namna hii yamekomaa hata yakawa elimu. Waanzia Shinyanga, nchi ya pamba, dengu na almasi, wapita Kahama, wafika Geita kwenye dhahabu. Wenyeji wake wengi ni Wasukuma, na pamoja nao wako Wasumbwa, Wazinza na wageni wa kila kabila waliofuata madini. Msomaji wa pwani, aliyezoea kwamba soka ya Tanzania ni Simba na Yanga na yaliyosalia ni kelele za pembeni, aghalabu husikia habari za huko siku zile tu ambapo timu kubwa zimekwenda kuchukua pointi, au zimekwenda zikazikosa. Lakini huko nako watu wana timu zao, na wana namna yao ya kuumia.

Habari iliyo ndefu zaidi ni ya Geita Gold, timu ya halmashauri ya mji iliyofadhiliwa na mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita. Mwaka 2019, ikiwa bado Ligi Daraja la Kwanza, ilifika kwenye mechi za mtoano za kugombea nafasi ya Ligi Kuu. Mbele yake ilisimama Mwadui FC, timu ya mgodi wa almasi ulioko Kishapu, mkoani Shinyanga. Dhahabu ikakutana na almasi. Mechi mbili zilipokwisha, hesabu ya jumla iliwaacha Mwadui mbele kwa bao moja, wakabaki Ligi Kuu. Mwaka 2020 Geita Gold ikaufikia tena mlango ule ule, safari hii ukishikwa na Mbeya City, na tena ikarudi nyumbani kwa tofauti ya bao moja. Mwaka 2021 ilipanda moja kwa moja, bila kupitia mtoano, na katika msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu ikashangaza nchi kwa kushika nafasi ya nne chini ya kocha Fred Felix Minziro. Nafasi hiyo iliipatia tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika.

Basi Septemba 2022 ikakutana na Hilal Alsahil ya Sudan. Ilifungwa bao moja kwa sifuri ugenini. Ziliporudiana katika ardhi ya Tanzania, Geita Gold ikashinda mawili kwa moja. Mawili kwa mawili, basi, na lile bao moja la Wasudani likahesabiwa kuwa na uzito zaidi kwa kuwa lilifungwa ugenini. Geita wakatoka mashindanoni siku waliyoshinda.

Lifikirie hilo kidogo, msomaji. Shirikisho la soka la Ulaya lilikuwa limekwisha kuifuta kanuni hiyo ya bao la ugenini mwaka mmoja nyuma, mwaka 2021, likisema kwamba haki haipimwi hivyo tena. Lau mechi ile ile, kwa matokeo yale yale, ingalichezwa chini ya kanuni za Ulaya, wachezaji wa Geita wangaliongezewa dakika thelathini, na baada yake penalti ikibidi. Afrika ilikuwa bado imeishikilia kanuni ile, na kanuni ni kanuni; timu zote mbili ziliijua kabla ya kuingia uwanjani. Hata hivyo mtu wa Geita aliyesikia habari hizo za Ulaya alikuwa na haki ya kujiuliza kama alikuwa ameshindwa na Wasudani au ameshindwa na karatasi.

Maswali kama hayo huulizwa kijiweni, mahali penye kahawa, karanga na benchi lililolegea mguu mmoja. Uchambuzi wa kijiweni una adabu yake. Mkubwa husemeshwa kwanza, kijana hungoja zamu, na anayerudia hoja iliyokwisha semwa huchekwa. Hoja ya kwanza daima ni mwamuzi. Kijana akisema, “Mzee, refa ametuua,” mzee humjibu kwa upole wa kisukuma, “Ng’wanawane, refa alikuwa na filimbi. Mguu uliofunga ulikuwa wa nani?” Hapo hoja ya refa huwekwa kando, ingawa haifi, mwamuzi hubaki pale kama chumvi mezani, kila mtu akijua atamhitaji baadaye.

Hoja ya pili hutamkwa kwa sauti ya chini. Katika soka ya Tanzania kuna maneno mawili, “kamati ya ufundi”, ambayo mgeni akiyasikia atadhani ni wataalamu wa kupanga kikosi. Wenyeji hutabasamu. Kamati ya ufundi ni wale wanaokwenda usiku kutafuta dawa, wanaoamua timu iingie uwanjani kwa mlango upi na basi liegeshwe likielekea wapi. Timu inapofungwa bao moja dakika za mwisho, hoja ya kamati hupata nguvu kuliko hoja zote, kwa sababu bao la dakika ya tisini halifanani na kazi ya binadamu. Huonekana kama limetumwa.

Mtu wa pwani asicheke haraka. Wasukuma walikuwa na mashindano yao kabla mpira wa miguu haujafika kwao, na katika mashindano hayo dawa ilikuwa sehemu ya kanuni zenyewe. Ngoma zao zimegawanyika katika vyama viwili vikubwa, Bagika na Bagalu, na kwa masimulizi yao wenyewe chanzo chake ni waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha, waliobishana ni dawa ya nani iliyo na nguvu zaidi. Ubishi haukupata mshindi, ikaamuliwa wapimane kwa ngoma. Tangu hapo, baada ya mavuno, vyama viwili huingia uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na manju wa kila upande hutunga nyimbo za kuwavuta watazamaji na za kumchoma mpinzani. Hakuna mwamuzi mwenye filimbi. Watazamaji wako huru kwenda na kurudi, na upande ambao umati umeuelekea ndio ulioshinda. Padri David Clement, Mkanada aliyejenga kituo cha Bujora karibu na Mwanza katika miaka ya 1950, aliuona uzito wa jambo hili akalikaribisha kanisani. Sherehe ya Bulabo, inayochezwa Bujora kila mwezi wa Juni, imekuwa uwanja wa mashindano hayo.

Jambo lenye maana hapa ni lile la hukumu. Katika mashindano ya Bagika na Bagalu aliyeshindwa huona kwa macho yake umati ukimwacha. Watu kumi wakiondoka, huwaona migongo. Hawezi kusema alikaribia, kwani umati haukaribii. Uko kwako au uko kwa mwenzio. Na manju aliyeachwa anajua la kufanya: atarudi nyumbani atunge wimbo mzuri zaidi, na kama ana imani hiyo, atafute dawa kali zaidi. Vyote viwili ni kazi. Soka imeleta aina mpya ya kushindwa ambayo ngoma haikuwa nayo, ile ya kushindwa ukiwa unapigiwa makofi, umati wote ukiwa wako, ubao wa matokeo peke yake ndio ukiwa wa mwenzio. Dawa ya zamani ililetwa katika uwanja mpya usioijua. Si ajabu kijiwe cha Geita kikaendelea kuitafuta sababu mahali ambapo babu zao waliipata.

Wapenzi wa mashairi wanalifahamu jambo hili kwa njia nyingine. Mshororo wa mizani kumi na sita ukipata kumi na tano, hausemwi kuwa umekaribia. Shairi lake huitwa guni, na guni ni guni hata likiwa na maneno matamu. Malenga wa zamani hawakuwa na huruma katika hili, na pengine ukali wao ulikuwa ukarimu, kwani ulimwokoa mtunzi kutoka kwenye maradhi ya “kidogo tu”. Mtunzi aliyeambiwa guni huhesabu upya tangu mwanzo. Mtunzi aliyeambiwa “umebakiza kidogo” hutafuta silabi moja ya kuchomeka, na aghalabu huiharibu hata ile kumi na tano iliyokuwapo.

Geita wana sababu yao ya pekee ya kuyaugua maradhi hayo, nayo imo ardhini. Mchimbaji mdogo hushuka ndani ya duara kwa kamba, akipita matimba yanayozuia udongo usimfunike, na chini huko hufuata mwamba anaoamini una dhahabu. Mawe yakipanda juu hupelekwa karashani yakasagwa, kisha mwaloni yakaoshwa, na mara nyingi kinachobaki hakilipi hata mafuta ya jenereta. Je, aache? Kila mchimbaji anazijua simulizi za yule aliyekata tamaa akauza duara lake, na mnunuzi akachimba hatua mbili zaidi akakutana na zali. Hakuna anayesimulia habari za mamia waliochimba hatua hizo mbili, na mbili nyingine, na ishirini nyingine, wakakutana na mwamba mkavu. Simulizi ya aliyekaribia husafiri. Ya aliyekosa kabisa hufia shimoni. Mtu aliyelelewa na simulizi hizo akikaa jukwaani Nyankumbu akaona timu yake imefungwa bao moja, hatasema timu ni dhaifu. Atasema imebakiza hatua mbili.

Na hapo ndipo penye hesabu ambayo kijiwe huikwepa. Soka ni mchezo wenye mabao machache mno. Katika mpira wa kikapu timu hufunga vikapu vingi kwa mechi moja, na bahati ya kikapu hiki hufidiwa na mkosi wa kile, hata mwishowe aliye bora huonekana. Katika soka, karibu robo ya mechi za ligi huisha sare, na takribani nusu ya zinazosalia huamuliwa kwa bao moja tu. Maana yake ni kwamba kufungwa bao moja ndiko kufungwa kwa kawaida. Timu dhaifu inayojilinda kwa watu kumi nyuma ya mpira nayo itafungwa bao moja mara nyingi, si kwa sababu inakaribiana na mpinzani, bali kwa sababu imeamua mchezo uwe na mabao machache. Inapunguza ukubwa wa kipigo, haipunguzi kipigo. Mshabiki akiangalia matokeo ya msimu mzima, moja bila, moja bila, mbili moja, huona timu iliyokosa bahati, ilhali kocha anayeijua kazi yake huona timu isiyokuwa na mfungaji.

Mfungaji, naam. Katika msimu ule mzuri wa 2021/22 Geita walikuwa naye. George Mpole alimaliza ligi akiwa na mabao 17, mbele ya Fiston Mayele wa Yanga aliyekuwa na 16, akatwaa kiatu cha mfungaji bora. Tazama tofauti: bao moja! Safari hiyo bao moja lilikuwa la Geita, na mashabiki hawakukesha wakijiuliza ni kwa nini Mayele alikosa, wala hawakusema kwamba Mpole alibebwa na dawa au na bahati. Walisema ni juhudi. Mshabiki huita bahati lile bao linalomtoka, na lile linalomwingia hulipa majina mengine. Baadaye Mpole alivuka mpaka akajiunga na FC Lupopo ya Lubumbashi, na Geita wakaanza kuhesabu tena mechi zilizowaponyoka kwa kidogo.

Ipo pia hoja ya miguu, ambayo wazee wa kijiwe huiheshimu kuliko zote. Timu ya Geita ikienda kucheza na Namungo kule Ruangwa huivuka Tanzania kutoka pembe hadi pembe, na wachezaji hushuka kwenye basi wakiwa wameloa uchovu. Timu tajiri husafiri kwa ndege. Tena tangu 2020 sheria za soka duniani zimeruhusu mabadiliko ya wachezaji watano badala ya watatu, rehema iliyoletwa na maradhi ya Uviko na ambayo ikabaki hata maradhi yalipopungua. Kwa maskini rehema hiyo ni msiba. Dakika ya sabini klabu kubwa huinua kutoka benchi watu watano ambao wangaliweza kuanza katika timu nyingine yoyote, ilhali klabu ndogo huinua vijana wawili na kumwomba Mungu kwa walio uwanjani. Kwa hiyo bao la lala salama halina uchawi. Ni bao la bajeti, lililoanza kufungwa miezi mingi kabla, siku orodha ya usajili ilipofungwa.

Watu wa visiwani wana kumbukumbu yao ya kushindwa kwa kidogo, na bila shaka haijapoa. Desemba 2017, Zanzibar Heroes walifika fainali ya Kombe la Chalenji mjini Machakos, wakatoka sare ya mawili kwa mawili na Kenya, wenyeji wa mashindano, kisha wakashindwa kwa penalti tatu kwa mbili. Usiku huo barazani Unguja na Pemba hakukuwa na mtu ambaye hakujua penalti ile ilipaswa kupigwa kona ipi. Timu ile ilipokewa kama bingwa, na ilistahili. Kocha wake alikuwa Hemed Suleiman, anayejulikana zaidi kwa jina la Morocco, na mwaka 2023 huyo huyo alikwenda Geita kuifundisha Geita Gold. Waungwana wa pwani wangaweza kusema kwamba Geita walimwajiri mtu anayejua bao moja lina uzito gani. Januari 2024, wakati wa Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Ivory Coast, alikabidhiwa timu ya taifa katikati ya mashindano. Na mwisho wa msimu huo wa 2023/24, ikiwa mikononi mwa wengine, Geita Gold ikashuka daraja.

Shinyanga mjini kidonda ni kingine. Stand United haikuzaliwa na mgodi wala halmashauri. Ilizaliwa stendi ya mabasi, kwa wapiga debe na vijana wa pale, na ndiyo maana hadi leo jina lake la mapenzi ni Chama la Wana. Ilipanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2014/15, na Uwanja wa Kambarage ukajaa watu ambao kwa mara ya kwanza waliona kelele zao za stendi zikisikika nchi nzima. Kisha fedha ikaja. Mwaka 2015 kampuni ya Acacia, iliyokuwa na migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, ikaidhamini timu, na mwaka uliofuata udhamini ukavunjika katikati ya mgogoro wa pande mbili zilizogombea timu ni ya nani, ya wanachama au ya kampuni iliyoundwa kuiendesha. Msimu wa 2018/19 ulipokwisha, Stand ilishuka. Ukiwauliza mashabiki wa Kambarage, watakutajia mechi kadhaa za bao moja za msimu ule, na kila moja wataieleza kwa dakika na jina la mchezaji. Ule mgogoro wa 2016 watautaja mwisho, kama mtu atajaye ugonjwa wa ukoo. Lakini ndio ulioanza. Pointi zilizopotea kwa bao moja uwanjani zilikuwa zimekwisha kupotea mezani, pale watu wa nyumba moja waliposhindwa kukubaliana juu ya ufunguo.

Hata hivyo ni vigumu kumlaumu mshabiki kwa kuchagua hoja ya dakika na jina la mchezaji. Mambo ya mezani hakuitwa. Fedha ya mgodi ilikuja bila kumuuliza ikaondoka bila kumuaga. Buzwagi kwenyewe uchimbaji ulikoma, na Kahama ikajifunza kuishi bila mgodi huo. Katika timu aipendayo, uchambuzi ndio kitu pekee ambacho mshabiki anakimiliki kwa hakika, na hakuna kampuni inayoweza kukiondoa kijiweni.

Ila uko uchambuzi mwingine wenye gharama, nao siku hizi umekaa meza moja na ule wa zamani. Ni wa mikeka. Kijana aliyepata posho yake mwaloni huchagua mechi kumi kwenye simu, akatia fedha, na tisa zikitoka kama alivyotabiri, ya kumi humchania mkeka kwa bao la dakika za majeruhi. Kijana huyu hasemi kwamba amepoteza fedha. Asema alibakiza mechi moja. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha kwamba mcheza kamari anayekosa kwa kidogo huamka katika ubongo sehemu zile zile zinazoamka kwa anayeshinda, na hamu yake ya kucheza tena huongezeka. Wenye mashine walikuwa wakilijua hilo zamani, bila utafiti. Kwa hiyo lile “kidogo tu” lililoanza kama faraja ya mshabiki limegeuzwa biashara, na vijana wanaotoka ndani ya duara, waliokwisha fundishwa na mwamba kwamba dhahabu iko hatua mbili mbele, ndio wateja walio tayari kuliko wote.

Geita, lakini, wana jambo moja ambalo wengine hawana, na huwa hawalisemi mbele ya wageni. Mapema mwaka 2016, siku ya mwisho ya ligi ya daraja la kwanza, timu iliyobeba jina hilo hilo la Geita Gold ilikuwa ikigombea kupanda na Polisi Tabora, na tofauti ya mabao ndiyo ingaliamua. Geita ikaifunga JKT Kanembwa mabao manane kwa sifuri. Saa ile ile Polisi Tabora ikaifunga JKT Oljoro saba kwa sifuri. Nchi nzima ikacheka, kisha ikakasirika. Shirikisho la soka likachunguza, likaziona timu zote nne kuwa na hatia ya kupanga matokeo, likazishusha, na nafasi ya kupanda ikaenda kwa Mbao FC ya Mwanza.

Aliyekuwa akiipenda timu hiyo mwaka 2016 alionja ushindi wa mabao manane na akaona unavyonuka. Ukilijua hilo, malalamiko ya 2019, ya 2020 na ya 2022 husikika kwa sauti nyingine. Kufungwa bao moja na Mwadui, bao moja na Mbeya City, kutolewa na Wasudani kwa bao la ugenini: hizi ni hesabu ambazo mtu anaweza kuzitaja mbele ya watoto wake. Wapo wazee wa Nyankumbu ambao, hoja zote zikiisha, za refa na za kamati na za basi, hurudi kwenye hili kwa maneno machache, “Angalau tulicheza,” na kijiwe hukubali, kahawa ikamiminwa tena.

Mwaka 2025 mambo yakageuka kwa namna ambayo hakuna mtunzi angalithubutu kuitunga. Geita Gold na Stand United, zote zikiwa katika Ligi ya Championship, zote zikitaka kurudi Ligi Kuu, zilipangwa kukutana katika mtoano. Dhahabu na stendi. Mabasi ya mashabiki yakapishana Kahama. Stand ikapita, Geita wakabaki na msimu mwingine wa kuchambua, na Chama la Wana likasonga kukabiliana na Fountain Gate kwa hatua ya mwisho. Hapo Stand ilifungwa nyumbani Kambarage, ikaenda kurudiana ikafungwa tena, na si kwa kidogo.

Asubuhi iliyofuata, stendi ya Shinyanga ilikuwa na abiria wa Mwanza, abiria wa Kahama, na wapiga debe wakiita majina ya miji. Hapakuwa na la kubishana. Bei ya dengu ilikuwa na wasikilizaji wengi zaidi.